Siku Sita za Mwezi: Mwongozo kwa Wanaotafuta Mtoto Dzaleka na Lilongwe

Mimba hutungwa mbegu moja ya mwanamume inapofaulu kuingia ndani ya yai la mwanamke. Mahali pa kukutania ni mrija wa uzazi, si mfuko wa uzazi kama wengi wanavyodhani. Katika kila mzunguko yai moja hupevuka, hutoka kwenye ovari na kuingia mrijani, na humo huishi saa 12 hadi 24 tu. Likikosa mbegu hufa, na wiki mbili hivi baadaye hedhi hushuka. Mbegu za kiume zina uhai mrefu zaidi: zikikuta ute laini kwenye mlango wa kizazi huweza kungoja hadi siku tano. Yai lililorutubishwa nalo huteremka polepole kwa siku kadhaa mpaka kwenye mfuko wa uzazi, likajipachika ukutani na kuanza kukua.

Ndiyo maana mzunguko mzima una siku sita tu za kushika mimba: tano za kabla ya yai kutoka, na ile ya sita ambayo yai linatoka. Zenye nguvu kuliko zote ni siku mbili za kabla yake na siku yenyewe. Siku inayofuata mlango umeshafungwa.

Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, Malawi, ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Humo, swali la kwa nini mtoto hapatikani huulizwa kila siku, na huulizwa kwa uchungu. Waliopoteza wazazi na ndugu vitani wanataka majina ya marehemu yarudi nyumbani. Mke aliyekaa miaka miwili bila mimba huanza kusemwa na mawifi. Pesa huenda kwa waganga kabla hata siku hazijahesabiwa, na mara nyingi kabla mume hajapimwa hata mara moja. Hayo mawili, kuhesabu siku na kuwapima wote wawili, ndiyo yanayofaa kutangulia.

Kuzihesabu siku

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni la "siku ya 14". Wanawake wengi wamefundishwa kwamba yai hutoka siku ya 14 tangu hedhi ianze, basi. Hiyo ni kweli kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Kisichobadilika sana ni muda wa baada ya yai kutoka: yai hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi *ijayo*. Mwenye mzunguko wa siku 26 hupevusha yai karibu na siku ya 12, na mwenye siku 35 karibu na siku ya 21. Huyu wa mwisho akijitahidi siku ya 12 hadi ya 15 kisha akapumzika, amepumzika wakati yai lake bado halijatoka, na anaweza kulirudia kosa hilo miezi nenda miezi rudi.

Hesabu hufanywa hivi:

1. Siku ya kwanza ya damu kamili ndiyo siku ya 1. Matone ya kuashiria hayahesabiwi.
2. Tarehe hiyo huandikwa kila mwezi kwa miezi sita, kwenye kalenda ya ukutani, kwenye daftari au kwenye simu.
3. Hutafutwa mzunguko mfupi kuliko yote, kisha hutolewa 18. Jibu ni siku ya kuanzia.
4. Hutafutwa mzunguko mrefu kuliko yote, kisha hutolewa 11. Jibu ni siku ya kumalizia.

Tuseme mizunguko ya mwanamke mmoja ilikuwa siku 27, 29, 26, 30, 28 na 31. Mfupi ni 26. Ukitoa 18 inabaki 8. Mrefu ni 31. Ukitoa 11 inabaki 20. Yai lake linaweza kurutubishwa mahali fulani kati ya siku ya 8 na ya 20. Wenzi wakikutana siku moja na kuacha moja katika muda huo watakuwa wamekutana mara saba tu, na hakuna yai lililowapita.

Wanawake Waislamu ambao tayari huhesabu siku za hedhi kwa ajili ya sala na funga wamekwisha kufanya nusu ya kazi hii. Kinachobaki ni kuziandika. Waliotoka Kongo na Rwanda huenda wakazikumbuka zile shanga za mzunguko zilizogawiwa katika vituo vya uzazi wa mpango, ambazo shanga nyeupe huonyesha siku ya 8 hadi ya 19. Zilitungwa za kukwepa mimba, lakini zinafaa vilevile kuitafuta, mradi mzunguko wa mwanamke uwe kati ya siku 26 na 32.

Mwili nao hutoa ishara, na kwa mwanamke asiyekuwa na tarehe za kuaminika ishara hiyo ni bora kuliko kalenda. Siku chache baada ya hedhi uke huwa mkavu. Baadaye hutokea ute mzito, wa kunata, mweupe. Yai linapokaribia kutoka, ute hugeuka kuwa mwepesi, wa kuteleza na kuvutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku. Siku za ute huo ndizo siku zenyewe. Ute ukirudi kuwa mzito au ukikauka, yai limekwisha kutoka. Ute wa uzazi hauna harufu mbaya wala hauwashi. Unaonuka, wenye rangi ya kijani au unaowasha ni ugonjwa, nao unahitaji kituo cha afya.

Kipimajoto pia hutumika: joto la mwili likipimwa kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani hupanda kidogo, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5, yai likishatoka. Kasoro yake ni kwamba hutoa habari baada ya shughuli kupita. Kinafaa kumwonyesha mwanamke kwamba yai lake hutoka kweli, hakifai kuchagulia siku.

Mume yuko Kanengo, mke yuko kambini

Dzaleka iko kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, na njia ya kuingia mjini hupita Kanengo, kwenye viwanda, maghala na mnada wa tumbaku. Wapo wanandoa wengi ambao mmoja anahangaika mjini na mwingine amebaki na nyumba kambini. Tangu serikali ilipoanza, mwaka 2023, kuwarudisha kwa nguvu kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, safari zimekuwa ngumu zaidi, na kutoka kambini kunahitaji kibali.

Hapa ndipo ndoa nyingi zenye afya huonekana kama zina utasa. Mume anayekuja kila Jumamosi hugusa siku moja tu kati ya zile sita, au hata hiyo aikose, na pengine ni ile dhaifu. Anayekuja mwisho wa mwezi tu yuko katika hali mbaya zaidi. Mke wake akiwa na mzunguko wa siku 30, mzunguko huo unakwenda sambamba na kalenda, kwa hiyo ikiwa mwisho wa mwezi mmoja umeangukia kwenye hedhi, wa mwezi ujao nao utaangukia karibu palepale. Mwaka unaweza kwisha na wawili hao wasikutane hata mara moja wakati yai lipo. Hakuna dawa ya ugonjwa huo, kwa sababu si ugonjwa.

Kinachohitajika ni safari ipangwe kwa kalenda ya mke, si kwa kalenda ya mshahara. Kwa mke huyo wa mzunguko wa siku 30, safari moja ya siku nne au tano katikati ya siku ya 11 na ya 17 ina thamani kubwa kuliko Jumamosi nne zilizotawanyika. Nauli ni ileile, au hata pungufu.

Wengine huogopa kwamba kukutana mara kwa mara hupunguza nguvu za mbegu, kwa hiyo mume "hujihifadhi" wiki mbili ili zijae. Mbegu zilizokaa muda mrefu huwa nyingi kweli, lakini nyingi kati yake zimechoka na haziogelei vizuri. Kila siku au kila baada ya siku moja inatosha kabisa. Nje ya siku zile sita, mara mbili au tatu kwa wiki.

Mambo mengine ya chumbani yanayowahangaisha watu bure, na machache yanayodhuru kweli:

- Kulala na miguu juu ukutani hakuongezi kitu. Mbegu zenye nguvu huingia mlango wa kizazi ndani ya dakika chache. Majimaji yanayotoka baadaye si mimba inayomwagika.
- Mkao wowote unafaa.
- Mate, sabuni na mafuta ya kujipaka yanaweza kuzizuia mbegu. Bora kuvumilia maandalizi ya taratibu kuliko kutumia vitu hivyo.
- Kuosha ndani ya uke kwa sabuni, ndimu au magadi, na kuweka majani ya kukausha na kubana, huondoa ute ambao mbegu zinauhitaji ili ziishi. Desturi hii ina wenyewe Malawi na hata Kongo, na waliolelewa nayo huambiwa ni adabu kwa mume. Kwa anayetafuta mimba ni kujifungia mlango. Tena huchubua na kurahisisha kuingia kwa VVU.

Muda gani wa kusubiri ni wa kawaida

Hata kila kitu kikiwa sawa, mwanamke wa miaka ya ishirini au mwanzoni mwa thelathini ana nafasi kama 1 kati ya 4 tu katika kila mzunguko. Miezi mitatu bila mimba haina maana yoyote. Kati ya wanandoa 100 wanaokutana mara kwa mara bila kinga, mke akiwa chini ya miaka 40, zaidi ya 80 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja, na nusu hivi ya waliobaki huipata mwaka wa pili. Umri hupunguza nafasi hiyo: hushuka baada ya miaka 35, na kufikia 40 imebaki kama 1 kati ya 10 kwa mzunguko.

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa kuna tatizo baada ya miezi 12 ya kujaribu. Mwenye miaka 35 na zaidi asingoje mwaka. Miezi sita inamtosha. Na wapo wasiofaa kungoja hata hiyo sita: anayekosa hedhi kwa miezi mingi, aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi, aliyeugua vibaya tumbo la chini baada ya kujifungua au mimba kutoka, na mume ambaye korodani zake hazikushuka utotoni au zilivimba kwa matubwitubwi.

Miezi hiyo 12 huanza kuhesabiwa pale tu wawili wanapoishi pamoja, au wanapokutana katika siku zinazofaa. Aliyemwona mumewe mara nne katika mwaka hajajaribu mwaka mmoja.

Baada ya sindano au kijiti

Sindano ya miezi mitatu hutumiwa sana Malawi, na huleta hofu kubwa kuliko inavyostahili. Haileti utasa. Huchelewesha tu: kwa wastani mimba hupatikana miezi kama 10 baada ya sindano ya mwisho, na wengine huchukua zaidi ya mwaka. Mwanamke anayejua anataka mtoto mwakani afanye vizuri kubadili njia mapema. Kijiti cha mkononi, kitanzi na vidonge havina ucheleweshaji huo. Kikitolewa kijiti, yai linaweza kutoka mwezi huohuo.

Anayenyonyesha huweza kukaa miezi mingi bila kupevusha yai, hasa mtoto anaponyonya usiku na mchana bila kupewa uji. Kukosa mimba wakati huo ni mapumziko ya mwili. Ushauri uliopo ni kungoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua mtoto aliye hai kabla ya kushika mimba nyingine.

Mwanamume naye

Katika takriban nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, mwanamume ana tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Hata hivyo anayepelekwa hospitali ni mke, anayebadilishiwa waganga ni mke, anayerudishwa kwao ni mke. Wanaume wengi hujibu kwamba nguvu wanazo. Nguvu za tendo na uzima wa mbegu ni vitu viwili tofauti. Mtu anaweza kuwa na nguvu zote na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja, na kwa macho haijulikani. Jibu la pili ni kwamba alishazaa na mwanamke mwingine. Hilo ni habari ya wakati ule; kisonono kilichopita katikati kinaweza kuwa kimeziba njia.

Kipimo cha mbegu ndicho rahisi kuliko vyote katika uchunguzi wa utasa. Hakichomi, hakikati. Masharti yake:

- Mume akae siku mbili hadi saba bila kumwaga.
- Shahawa zote ziingie kwenye kikopo safi cha maabara. Kondomu ya kawaida haifai, kwa kuwa mafuta yake huua mbegu.
- Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa na joto la mwili.

Sharti hilo la tatu ndilo linalowaangusha watu wa Dzaleka. Kikopo kilichojazwa kambini na kusafirishwa kwa minibasi hadi Lilongwe kinaweza kufika na mbegu zilizokwisha kudhoofika au kufa, na mume akarudi na karatasi inayosema ana kasoro asiyokuwa nayo. Sampuli itolewe palepale kwenye maabara au jirani nayo. Jibu likiwa baya, kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi kabla ya kuamini lolote. Homa kali tu, malaria kwa mfano, inaweza kushusha mbegu kwa wiki kadhaa.

Miezi mitatu ina sababu. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa na kukomaa. Kwa hiyo mwanamume anayeacha sigara, bangi (chamba) na pombe ya kachasu leo asitazamie mabadiliko Jumatatu ijayo. Ayatazamie baada ya msimu mmoja. Joto nalo hudhuru: kukaa muda mrefu mbele ya tanuri la mikate au matofali, na suruali za kubana sana. Sindano na vidonge vya kujenga misuli vyenye homoni ya kiume huzima kabisa utengenezaji wa mbegu, ingawa mwili wa nje hunenepa. Wanaofanya kazi kwenye mashamba na maghala ya tumbaku wajue kwamba nikotini hupenya ngozi kutoka kwenye majani mabichi yaliyolowa. Mikono ifunikwe, nguo zibadilishwe kabla ya kuingia nyumbani. Na mke anayetafuta mimba ajiepushe na kazi hiyo akiweza.

Mirija iliyoziba

Katika Afrika yetu sababu kubwa ya wanawake kukosa mtoto, hasa waliokwisha kuzaa mmoja kisha wakasimama, ni mirija kuziba kwa makovu. Makovu hayo huachwa na klamidia na kisonono, na maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka. Si jambo jipya. Uchunguzi wa idadi ya watu uliofanywa Kongo ya Kibelgiji kati ya 1955 na 1957 ulikuta sehemu za kaskazini, kama vile Uele, zina wanawake wengi mno wasiozaa kabisa, na magonjwa ya zinaa yalihesabiwa kuwa chanzo kikuu. 

Klamidia ni ya hatari kwa sababu wanawake wengi hawahisi chochote. Mwenye maumivu ya tumbo la chini, uchafu unaonuka, au maumivu wakati wa tendo atibiwe mapema, na mwenzi wake atibiwe siku hiyohiyo, hata kama haumwi. Mke akitibiwa peke yake atarudishiwa ugonjwa usiku wa kwanza. Wote wawili wajizuie kwa siku saba, dozi imalizwe. Dawa huua vijidudu lakini haifuti kovu, ndiyo maana kuchelewa kuna gharama.

Kichocho nacho kisisahauliwe, hasa kwa aliyeishi kando ya Ziwa Malawi au ya maziwa na mito mingine yenye konokono. Mayai yake hujificha kwenye mlango wa kizazi na mirija, huleta damu na maumivu, na hufanana na ugonjwa wa zinaa. Vidonge vya prazikwanteli hukitibu. Kifua kikuu nacho huweza kushambulia mirija kimyakimya. Uvimbe kwenye kizazi na kasoro za homoni huonekana kwa altrasaundi na vipimo vya damu.

Miongoni mwa wanawake waliotoka mashariki ya Kongo wapo waliobakwa njiani au nyumbani. Maambukizi ya siku zile yanaweza kuwa ndiyo yaliyoziba mirija. Habari hiyo mwanamke ana haki ya kumwambia nesi faraghani, bila mume, bila jirani. Inamsaidia daktari kujua pa kuanzia, na si kosa lake hata chembe.

Wenye VVU

Kuwa na VVU hakuzuii kuzaa. Tangu mwaka 2011 Malawi humpa kila mama mjamzito mwenye VVU dawa za maisha, na watoto wengi wamezaliwa wazima kwa mpango huo. Anayetaka mimba aanze dawa kwanza, azimeze bila kuruka, kisha apime wingi wa virusi. Virusi vikifikia kiwango kisichoonekana na kubaki hapo, havipiti kwa mwenzi kwa njia ya tendo. Hapo wanandoa wanaweza kukutana bila kondomu katika siku zile sita, na asiye na virusi anaweza kuomba dawa za kinga. Kuacha dawa "ili mtoto asidhurike" ni kosa linaloua.

Waganga, vidonge vya dukani, na fisi

Mizizi inayochemshwa kwa ajili ya "kusafisha kizazi" haijulikani kipimo chake, na mingine hubana mfuko wa uzazi. Ikinywewa na mwanamke ambaye tayari ana mimba ya wiki tatu asiyoijua, inaweza kuitoa. Anayeshindwa kuacha kabisa walau asinywe baada ya siku za ute kupita.

Klomifeni, kidonge cha kupevusha yai, huuzwa madukani kama pipi. Kinamsaidia mwanamke ambaye yai lake halitoki. Hakifungui mirija, hakitengenezi mbegu za mume. Huweza kuleta mapacha, na mara chache hufurisha ovari. Kisimezwe kabla ya vipimo.

Ipo pia, katika baadhi ya sehemu za Malawi, desturi ya kumtafuta "fisi": mwanamume anayeitwa kwa siri usiku amtie mimba mke wa asiyezaa. Neno ni lilelile la Kiswahili. Desturi hiyo huingiza VVU na kaswende ndani ya nyumba, na mara nyingi mke hakuulizwa. Kipimo cha mbegu kingemaliza shaka bila fedheha hiyo.

Chakula na foliki

Mgao unapopungua, mwili wa mwanamke aliyekonda sana huzima yai kwanza. Hedhi huyumba au hupotea. Hofu na majonzi hufanya hivyohivyo. Unene mkubwa nao huvuruga. Cha kutafutwa ni maharage, karanga, dagaa, mayai yakipatikana, na majani: sombe, mchicha, majani ya maboga.

Kitu kimoja kisiachwe: vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Huzuia kasoro za uti wa mgongo na ubongo wa mtoto, ambazo hutokea kabla mama hajajua kama ana mimba. Mwenye selimundu, kisukari, anayemeza dawa za kifafa, au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro hizo huhitaji dozi kubwa ya miligramu 5, kwa maelekezo ya hospitali.

Njia ya hospitali

Mwanzo ni kituo cha afya cha Dzaleka, ambacho huhudumia wakimbizi na vijiji vya jirani. Kutoka hapo rufaa huenda hospitali ya wilaya ya Dowa, na kesi ngumu hufika Kamuzu Central Hospital, Lilongwe. Hospitali za serikali hazitozi. Za binafsi hutoza, na bei iulizwe kabla ya kupimwa. Asiyekuwa na barua ya rufaa mara nyingi hurudishwa, kwa hiyo barua hiyo na kibali cha kutoka kambini viombwe pamoja.

Lugha ni kikwazo cha kweli, kwa kuwa wahudumu husema Kichewa na Kiingereza. Mkalimani awe mtu mzima anayetunza siri. Asiwe mtoto, wala shemeji. Tarakimu hazihitaji mkalimani, kwa hiyo yafuatayo yaandikwe mapema ndani ya kijitabu cha afya, kile Wamalawi wanachokiita buku la kuchipatala:

- tarehe ya siku ya 1 ya hedhi kwa miezi sita iliyopita
- umri wa wote wawili
- idadi ya mimba zilizopita, zilizozaliwa na zilizotoka, na miaka yake
- tarehe ya sindano ya mwisho ya uzazi wa mpango
- majina ya dawa zote zinazomezwa

Wote wawili waende siku moja. Vipimo vya kuanzia ni vya kawaida: VVU, kaswende, mkojo, mbegu za mume, altrasaundi. Kipimo cha damu cha kuthibitisha kuwa yai limetoka hufanywa siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa, na picha ya eksirei ya mirija hufanywa baada ya hedhi kwisha na kabla yai halijatoka. Tarehe zilizoandikwa huokoa safari ya pili. Mirija ikiwa imeziba kabisa pande zote mbili, njia inayobaki mara nyingi ni kurutubisha yai maabara. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006, lakini gharama yake ni kubwa mno kwa familia nyingi. Wanandoa waambiwe ukweli huo mapema, kabla ya kuuza walichonacho.

Hedhi ikikosa

Kipimo cha mkojo hufanywa siku ya hedhi iliyokosa au baada yake, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kikifanywa mapema zaidi kinaweza kukana mimba iliyopo. Kirudiwe baada ya wiki.

Maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, kutokwa damu, kizunguzungu au kuzimia katika wiki za mwanzo huenda ni mimba iliyotunga mrijani. Mrija ukipasuka mama anaweza kufa siku hiyohiyo. Hapo hakuna kungoja asubuhi wala kibali: ni hospitali mara moja, na aliyewahi kuugua mirija awe macho zaidi ya wengine.

Kliniki ya wajawazito ianze kabla ya wiki ya 12. Neti hutumiwa tangu usiku wa kwanza. Vidonge vya kuzuia malaria vya SP huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza, na anayemeza foliki ya miligramu 5 amwambie nesi, kwa kuwa dozi hiyo kubwa hupunguza nguvu ya SP.